Kitambaa cheusi na mhandisi wa Chicago

Hotuba ya mwezeshaji wa shirika moja la hapa Kivu, mbele ya familia zilizokimbia vita, familia zilizowapokea, mashefu wa vijiji na komite za vijana. Tunaichapisha kwa ajili ya komite zingine zinazotayarisha mashindano.



Nimeombwa niseme juu ya michezo na amani. Kila tukialikwa kusema juu ya jambo hili tunaimba wimbo mmoja: mpira unaunganisha watu, mpira hauna kabila. Wimbo ni mzuri, lakini leo sitauimba. Nitawasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeongoza michezo ya nchi yake, kisha michezo ya ulimwengu, tangu mwaka 1928 mpaka 1972. Hakuwa Mwafrika na hakuishi kwetu. Alikuwa Mmarekani, mhandisi wa ujenzi na mtu wa fedha, jina lake Avery Brundage. Ninamleta mbele yenu kwa sababu kosa alilolifanya yeye kule, mimi nimelifanya hapa hapa, na ninyi mliliona.

Wengi wenu mlikuwapo. Kiangazi kilichopita tulipanga mashindano ya mpira kati ya vijana wa familia zilizokimbia vita na vijana wa familia zilizowapokea. Jezi zilikuwapo, mipira mipya ilikuwapo, na bango kubwa lenye neno AMANI. Siku ya nusu fainali, timu ya vijana waliokimbia ilifika uwanjani kila mchezaji amefunga kitambaa cheusi mkononi. Siku nne kabla, habari ilikuwa imefika kwamba watu wa kijiji chao waliobaki nyuma wameuawa. Komite yetu iliwaambia wavue vitambaa, kwa sababu michezo haina siasa. Walikataa. Tuliiondoa timu yao katika mashindano. Mimi nilikuwa mwandishi wa komite. Hakuna aliyenilazimisha. Niliinua mkono pamoja na wengine, nikaandika barua kwa lugha safi, nikapiga muhuri.

Usiku ule mawe yalirushwa. Kijana mmoja alishonwa nyuzi kichwani. Kwa wiki mbili, mama zetu wa pande zote mbili walikwenda bombani kwa hofu, kila upande na saa yake. Bango la AMANI lilikuwa bado linaning'inia.

Kesho yake mama mmoja alinijia. Yumo humu leo, sitamtaja. Aliniuliza: «Mwanangu, wewe umesoma. Nani alikufundisha kwamba kulia ni siasa?» Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikajiuliza, neno hili tunalolisema kila siku, «michezo haina siasa», tulilitoa wapi? Katika kutafuta nilimkuta Brundage, kwa maana ni vigumu kumpata kiongozi mwingine aliyelisema neno hilo kwa nguvu na kwa muda mrefu kama yeye.

Mtoto aliyejitengenezea vyuma

Msidhani alizaliwa katika mali. Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1887 katika mji wa Detroit, baba yake akiwa fundi wa kuchonga mawe. Familia ilihamia Chicago akiwa na miaka mitano hivi, na muda si mrefu baba akawaacha. Mama alifanya kazi, na mtoto alilelewa zaidi na jamaa. Alfajiri aligawa magazeti, kisha alisafiri mbali kwenda kwenye shule ya ufundi. Shule ile haikuwa na vifaa vya michezo. Basi aliingia katika karakana ya shule akajitengenezea mwenyewe tufe la chuma na nyundo ya kurusha, akafanya mazoezi mpaka magazeti ya mji yakaanza kuandika habari zake.

Vijana, naomba mlisikie hilo. Ninyi mnaofunga mifuko ya plastiki kwa kamba mpaka iwe mpira, mnamfahamu mtoto huyu. Alikuwa mwenzenu.

Mwaka 1909 alimaliza uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1912 alikwenda Stockholm, nchini Uswidi, kushindana katika Michezo ya Olimpiki, na katika mashindano ya michezo mitano alikuwa wa 6. Aliyeshinda ni Mmarekani mwenzake Jim Thorpe, mtu wa kabila la Sac na Fox, yaani mmoja wa wenyeji wa kwanza wa nchi ile waliofukuzwa katika ardhi zao. Mshikeni Jim Thorpe huyo. Tutarudi kwake.

Mwaka 1915 Brundage alifungua kampuni yake ya ujenzi mjini Chicago. Ilijenga hoteli, majumba ya kupanga, na kiwanda cha magari ya Ford. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulipoanguka, matajiri wengi walibaki mikono mitupu. Yeye pia alipoteza mengi, lakini wale waliokuwa na deni lake wakishindwa kulipa, alichukua sehemu katika majumba aliyokuwa amewajengea. Uchumi ulipofufuka, majumba yale yalimpa mali kubwa kuliko ya kwanza.

Mwaka 1928 alichaguliwa kuongoza shirikisho la michezo ya ridhaa la Marekani, na mwaka huo huo akashika komite ya Olimpiki ya nchi yake, ambayo aliiongoza mpaka 1953. Mwaka 1952 alichaguliwa rais wa Komite ya Kimataifa ya Olimpiki, akabaki hapo miaka 20. Tumpe haki yake: hakulipwa mshahara kwa kazi ile, na safari zake alizilipa kwa pesa yake mwenyewe. Wangapi kati yetu viongozi tunaweza kusema hivyo?

Alifanya jambo lingine ambalo sisi watu wa amani hatupaswi kulisahau. Baada ya vita vikuu vya pili, Ujerumani iligawanyika kuwa nchi mbili zisizosalimiana. Brundage alishikilia kwamba zije na timu moja. Zilikuja hivyo mwaka 1956, 1960 na 1964. Wachezaji wa Mashariki na wa Magharibi walishindana kwanza wao kwa wao, na aliyeshinda ndiye aliyeingia katika timu. Badala ya wimbo wa taifa wa upande mmoja, walipigiwa muziki wa Beethoven. Kwa hiyo mtu huyu alijua kwamba michezo inaweza kushona kitambaa kilichopasuka.

Berlin

Sasa tufike mahali pagumu. Michezo ya mwaka 1936 ilipewa mji wa Berlin. Kabla haijafika, mwaka 1933 Hitler alishika utawala, na tangu mwaka huo Wayahudi walianza kufukuzwa katika vyama vya michezo vya Ujerumani. Mwaka 1935 sheria ziliwaondolea uraia. Huko Marekani watu wengi walisema: tusiende.

Mwaka 1934 Brundage alikwenda Ujerumani kutazama hali. Alizungumza na viongozi wa michezo wa Wayahudi, lakini maofisa wa serikali ile walikuwa wamekaa pale pale wakisikiliza. Ninyi mliokimbia vita mnaelewa maana yake kuliko mimi. Mgeni anakuja na daftari, anakuuliza kama unatendewa vema, na mwenye bunduki amesimama nyuma ya mgongo wako. Utajibu nini? Brundage alirudi akasema hakuna kizuizi cha kwenda. Mwezi wa Desemba 1935 shirikisho la michezo la Marekani lilipiga kura, na upande wake ulishinda kwa kura chache sana.

Kulikuwa na mtu mwingine katika habari hii, Ernest Lee Jahncke. Naye alikuwa Mmarekani mwenye mali, alikuwa amewahi kuwa naibu waziri wa jeshi la majini, na baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Alikuwa mjumbe wa Komite ya Kimataifa ya Olimpiki, na alisema wazi kwamba wachezaji wa nchi yake wasiende Berlin. Komite ilimfukuza mwaka 1936. Kiti chake kilipewa Brundage.

Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alishinda medali nne za dhahabu Berlin, na sisi sote tunaipenda habari hiyo. Lakini Wamarekani wawili Wayahudi, Marty Glickman na Sam Stoller, waliokuwa tayari kukimbia mbio za kupokezana vijiti, waliondolewa dakika ya mwisho. Glickman alimlaumu Brundage mpaka uzeeni. Brundage alikana. Na Gretel Bergmann, msichana Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa bora katika kuruka juu, aliachwa nje ya timu ya nchi yake wiki mbili tu kabla ya michezo.

Miaka miwili baadaye kampuni ya Brundage ilikubaliwa kujenga ubalozi mpya wa Ujerumani mjini Washington. Vita vilizuka na jengo halikujengwa. Sitasema kwamba alinunuliwa. Moyo wa mtu ni msitu. Ninasema tu kwamba kiongozi akitoa hukumu juu ya mtu fulani, kisha biashara yake ikapata faida kwa mtu yule yule, watu watauliza, na wana haki ya kuuliza.

Mizani miwili

Brundage alipenda sheria kama mhandisi anavyopenda kipimo. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: mchezaji wa Olimpiki asipokee pesa hata kidogo. Tazameni ilimwangukia nani. Jim Thorpe, yule mshindi wa Stockholm, alinyang'anywa medali zake mwaka 1913, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa amecheza besiboli kwa malipo madogo. Hukumu hiyo haikutolewa na Brundage, lakini alipokuwa na mamlaka, kwa miaka mingi aliombwa airekebishe, akakataa. Thorpe alikufa mwaka 1953 bila medali. Zilirudishwa kwa familia yake baada ya Brundage mwenyewe kufa, na ni mwaka 2022 tu jina la Thorpe liliposimama tena peke yake kama mshindi.

Sheria ile mbele ya macho ilikuwa sawa kwa wote. Lakini mwenye majumba Chicago hapati shida kucheza bila malipo. Anayepata shida ni yule ambaye asipofanya kazi leo, watoto hawali kesho. Sheria inaweza kuwa moja na uzito wake ukawa mbili.

Tarehe 16 Oktoba 1968, mjini Mexico, Wamarekani weusi wawili walipanda jukwaani kupokea medali za mbio za mita 200. Tommie Smith alikuwa wa kwanza, John Carlos wa tatu. Walivua viatu kuonyesha umaskini wa watu wao. Carlos alivaa shanga shingoni kwa ajili ya watu weusi waliouawa na makundi ya watu wenye chuki. Wimbo wa taifa ulipopigwa, waliinamisha vichwa, kila mmoja akainua ngumi moja yenye glavu nyeusi. Aliyekuwa wa pili, Peter Norman, mzungu kutoka Australia, alibandika kifuani beji ya haki za binadamu ili asiwaache peke yao.

Brundage alisema hiyo ni siasa, na siasa haina nafasi. Komite yake ilitishia kuadhibu timu nzima ya Marekani, na vijana wale wawili wakaondolewa katika timu na katika kijiji cha wachezaji. Lakini mwaka 1936 Berlin, wachezaji wa Ujerumani waliinua mkono kwa salamu ya chama cha Hitler juu ya jukwaa lile lile, na Brundage hakupinga.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunga kitabu nikakaa kimya. Mkono wa mwenye utawala ulipoinuka, uliitwa desturi ya nchi. Mkono wa aliyeumia ulipoinuka, uliitwa siasa. Nilikumbuka vitambaa vyenu. Nilikumbuka pia kwamba siku ya ufunguzi wa mashindano yetu, wakubwa walitoa hotuba ndefu za kujisifu pale uwanjani, na komite haikumwambia yeyote kati yao kwamba michezo haina siasa.

Waafrika walivyosema hapana

Sisi Waafrika tumo katika habari hii. Mwaka 1966, mjini Bamako, nchi huru za Afrika ziliunda Baraza Kuu la Michezo katika Afrika. Katibu mkuu wake alikuwa Jean-Claude Ganga, mtu wa ng'ambo ya mto, wa Kongo-Brazzaville. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa chini ya ubaguzi wa rangi. Mwezi wa Februari 1968, Komite ya Olimpiki iliamua kuirudisha katika michezo, kwa ahadi kwamba weusi na weupe watavaa sare moja na kupita chini ya bendera moja. Lakini nyumbani wangeendelea kuchujwa mbali mbali. Mchanganyiko ungekuwa wa nguo tu.

Baraza la Afrika lilisema: wakija hao, sisi hatuji. Nchi nyingine zikaungana nalo. Mwezi wa Aprili Komite ilirudi nyuma, na Afrika Kusini haikwenda Mexico. Mwaka 1970 ilifukuzwa kabisa. Nchi yetu wenyewe, wakati ule ikiitwa Kongo-Kinshasa, ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka huo huo wa 1968, na waendesha baiskeli.

Niwe mkweli mpaka mwisho. Huyo Jean-Claude Ganga baadaye aliingia yeye mwenyewe katika Komite ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 1999 alifukuzwa humo kwa sababu ya zawadi na faida alizopokea kutoka kwa waliotaka michezo iende Salt Lake City. Mtu aliyesimama na wanyonge mwaka 1968 hakupata kinga dhidi ya bahasha. Ninalisema hili kwa ajili yetu wenye vyeo vidogo pia, sisi tunaogawa jezi, sabuni na maturubai. Uzuri wa jana haulipi deni la leo.

Siku ya mwisho ya Brundage

Mwaka 1972 michezo ilifanyika München, nchini Ujerumani. Brundage alikuwa na miaka 84 na ilikuwa kazi yake ya mwisho. Kabla ya ufunguzi, nchi za Afrika zilikataa kucheza na Rhodesia, inayoitwa leo Zimbabwe, iliyotawaliwa na wazungu wachache. Tarehe 22 Agosti Komite ilipiga kura na Rhodesia ikatolewa, kinyume cha mapenzi yake.

Tarehe 5 Septemba, Wapalestina wenye silaha waliingia katika kijiji cha wachezaji na kuwateka watu wa timu ya Israeli. Mpaka usiku ulipokwisha, Waisraeli 11 walikuwa wamekufa, na askari polisi mmoja wa Ujerumani. Asubuhi yake, uwanja ulijaa watu wa kuomboleza. Brundage alisimama akasema michezo lazima iendelee. Pengine katika hilo alikuwa na sababu. Wengine waliona kusimamisha kila kitu ni kuwapa wauaji ushindi. Lakini katika hotuba ile ile, mbele ya wafiwa, aliweka mambo mawili pamoja: mauaji ya watu wale, na kule kushindwa kwake juu ya Rhodesia, kama vile yote mawili ni mashambulizi ya namna moja. Watu walishangaa na kuumia. Baadaye alilazimika kuomba radhi.

Mnaona alipofika? Alikuwa ameilinda nyumba ya michezo miaka mingi hivi kwamba siku ya msiba aliona nyufa za nyumba, hakuona maiti zilizolala ndani yake.

Alikufa tarehe 8 Mei 1975 huko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Maelfu ya vyombo na sanamu za kale za Asia alizokuwa amezikusanya alikuwa amezitoa kwa mji wa San Francisco, na ndizo zilizoanzisha jumba la makumbusho linalosimama huko mpaka leo. Mwaka 2020 jumba hilo liliamua kuondoa sanamu yake yeye mwenyewe.

Tulipokosea, na tufanye nini

Sikuja kumtukana marehemu. Alifanya kazi kwa bidii, alitoa mali yake, aliamini anachosema. Ndiyo sababu ananitia hofu. Angekuwa mwizi ningesema, mimi si mwizi, hayanihusu. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu aliyedhani kwamba kutopendelea ni kutosikia. Mhandisi hajengi kabla ya kupima udongo. Katika majumba yake alipima. Katika watu hakupima. Alitandika sheria juu ya ardhi ambayo hakutaka kujua inabeba nini. Nasi katika komite tulifanya vile vile. Kati ya aliyeumia na aliyenyamaza hakuna katikati. Ukimwambia aliyeumia anyamaze, umekwisha kuchagua upande.

Vijana mliovaa vitambaa vile, na wazazi wenu: ninawaomba radhi hapa mbele ya watu wote, kwa sababu barua ile ilisomwa mbele ya watu wote. Sisemi «komite ilikosea». Nasema mimi nilikosea.

Nanyi ndugu wenyeji, sijawasahau. Baada ya mawe yale nilikaa na vijana wenu. Mmoja aliniuliza: «Na wafu wetu sisi, nani atawafungia kitambaa?» Alikuwa na haki. Vita havikupita kwenu bila kuchukua watu. Mliogopa kitambaa kile kwa kuwa mlidhani kinawanyooshea kidole. Hata mimi najua kwamba kitambaa kinaweza kuwa cha kilio leo na cha vita kesho. Kwa hiyo sisemi kila kitu kiruhusiwe. Nasema tutenganishe kuomboleza na kutukana, na kazi ya kutenganisha tuifanye pamoja kabla ya siku ya mchezo.

Kiangazi hiki tunataka kuanza tena. Naleta mapendekezo manne, myapime.

Kwanza, komite iwe nusu kwa nusu, waliokimbia na wenyeji, na mama wawe ndani, kwa sababu ugomvi wetu ulishuka mpaka bombani, na bomba wanalijua wao.

Pili, kabla ya kuandika sheria yoyote, kuwe na siku ya kusikilizana, na kila upande useme bila mkubwa kusimama mgongoni. Kumbukeni Wayahudi wale walioulizwa mbele ya maofisa.

Tatu, kabla ya kila mchezo, tusimame kimya dakika moja kwa ajili ya wafu wa pande zote. Anayetaka kufunga kitambaa afunge. Neno la kuwalaani watu wa kabila lolote lisiingie uwanjani, wala kwa wimbo wala kwa bango, na sheria hiyo iwafunge na wageni wenye hotuba.

Nne, siku moja tucheze kwa timu zilizochanganywa, na wachezaji wachaguliwe pamoja, katika uwanja mmoja. Tusifanye kama Afrika Kusini ya zamani, sare moja juu na utengano chini. Na hesabu ya pesa isomwe kwa sauti hapa hapa, franka kwa franka.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka uliopita tuliuona ufa tukaufunika na bango.

Ninawaachia maswali matatu, mkayazungumze nyumbani na katika vikundi vyenu. Je, katika kijiji chetu ni maumivu ya nani yanayoitwa siasa? Je, ni sheria gani kwetu inayoonekana sawa kwa wote, lakini inamlemea mmoja zaidi? Na wewe kiongozi, mara ya mwisho ulipoinua mkono pamoja na wengine, ulikuwa umemsikiliza nani kwanza?

Mama yule aliyeniuliza swali, nimechelewa kumjibu. Mama, hakuna aliyenifundisha kwamba kulia ni siasa. Nilijifunza mwenyewe, kwa kukaa mbali na wanaolia. Leo nimekuja kukaa karibu.